OBV inapanda, CMF iko chini ya sifuri: wanunuzi wako upande gani?

Swali la msomaji: "Kuna hisa ninayoifuatilia kwa miezi mitatu sasa. Bei inapanda taratibu na OBV yake imefika kilele kipya. Lakini CMF inasoma -0.12, na MFI iko 63. Nilitaka kuongeza hisa, sasa nimekwama. Ni kiashiria kipi cha voliumu kinachoonyesha kwa uhakika kwamba wanunuzi ndio walioshika soko? Na je, naweza kuvitumia hivihivi kwenye forex?"

Ndugu yangu, OBV (On-Balance Volume), CMF (Chaikin Money Flow) na MFI (Money Flow Index): hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachowaona wanunuzi. Ukivijumlisha vyote, vinachoona ni bei ya juu ya siku, bei ya chini, bei ya kufunga, ya jana na ya leo, pamoja na voliumu, yaani idadi ya hisa zilizobadilisha mikono. Basi. Na kila hisa iliyonunuliwa leo kuna mtu aliyeiuza, kwa hiyo ukisikia "leo wanunuzi walikuwa wengi kuliko wauzaji", kwa hesabu ya hisa jambo hilo haliwezekani. Pande mbili hulingana kila siku mpaka hisa ya mwisho.

Kinachotofautiana ni nani aliyekuwa na haraka. Mnunuzi mwenye haraka hasubiri. Anaikubali bei anayoitaka muuzaji papo hapo. Muuzaji mwenye haraka naye anaishukia bei ya mnunuzi ili atoke. Haraka hiyo ndiyo tunayoiita shinikizo la ununuzi au la uuzaji, na kwenye data ya siku nzima haimo. Iko kwenye rekodi ya muamala mmoja mmoja, ukilinganishwa na oda zilizokuwa zikisubiri dakika ile. Hata huko, mara nyingi haiandikwi wazi nani aliyeanza. Watafiti Lee na Ready walichapisha mwaka 1991 njia ya kukisia upande wa kila muamala kwa kuangalia kama bei yake ilikuwa karibu zaidi na ya muuzaji au ya mnunuzi, na kanuni yao inatumika mpaka leo. Kama wenye rekodi kamili ya miamala bado wanakisia, sisi wenye mshumaa mmoja kwa siku (alama ya chati yenye bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga) tunakisia zaidi. OBV, CMF na MFI ni makisio matatu tofauti ya jambo lilelile. Ukijua kila kimoja kinakisia vipi, kugongana kwao hakutakukwamisha tena, kwa sababu huko kugongana nako kunasema kitu.

Tuchukue siku moja tuihesabu kwa mkono. Jana hisa ilifunga kwenye 50, ikiwa imefika juu 50.5 na chini 49. Leo imefungua kwenye 53, imepanda hadi 54, imeshuka hadi 51, na imefunga kwenye 51.5. Hisa 800,000 zimeuzwa na kununuliwa.

OBV inauliza swali moja: je, bei ya kufunga leo iko juu ya ya jana? 51.5 iko juu ya 50, kwa hiyo hisa zote 800,000 zinaongezwa upande wa wanunuzi, kwenye jumla yake inayoendelea siku hadi siku; bei ingefunga chini ya jana, zingetolewa. Kama bei ingefunga kwenye 50.01, zingeongezwa zilezile 800,000. Senti moja ya tofauti inabeba siku nzima.

CMF, iliyobuniwa na Marc Chaikin, haina habari na jana kabisa. Inauliza bei imefunga wapi ndani ya eneo la leo. Unachukua umbali kutoka bei ya chini hadi ya kufunga, ambao hapa ni 0.5, unatoa umbali kutoka bei ya kufunga hadi ya juu, ambao ni 2.5, unagawa kwa urefu wa siku nzima, ambao ni 3. Jibu ni -0.67. Zidisha kwa voliumu, unapata takriban -533,000. Siku ileile ambayo OBV imeihesabu yote kuwa ya wanunuzi, CMF imeiweka upande wa wauzaji kwa theluthi mbili ya voliumu yake. Kisha CMF inajumlisha matokeo ya siku 20 au 21 na kuyagawa kwa voliumu yote ya siku hizo, ndiyo maana inatembea kati ya -1 na +1.

MFI inatumia wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga. Jana wastani huo ulikuwa 49.83, leo ni 52.17. Umepanda, kwa hiyo 52.17 mara hisa 800,000, yaani kama milioni 41.7, zinaingia kapu la fedha zilizoingia. Ile 63 yako maana yake ni kwamba katika siku 14 zilizopita, asilimia 63 ya fedha zilizozunguka zilizunguka katika siku ambazo wastani wa bei ulipanda. Haisemi zaidi ya hapo. Wengi huisoma kama kipimo cha nguvu ya wanunuzi, wakati ukweli ni kwamba siku moja yenye voliumu kubwa inaweza kuibeba wiki mbili nzima.

Sasa tazama siku yetu ilivyokwenda. Bei iliruka usiku, ikafungua juu sana, halafu kutwa nzima ikauzwa kushuka. OBV na MFI zimeona mruko. CMF imeona mauzo ya mchana. Hakuna aliyedanganya. CMF ina upofu wake pia, tena mkubwa. Jana bei ilifunga kwenye 50. Leo imefungua kwenye 46 kwa habari mbaya, imecheza kati ya 45 na 48, na imefunga kwenye 47.8. Kizidishi cha CMF (ile namba kabla ya kuizidisha kwa voliumu) hapo ni +0.87. Mwenye hisa amepoteza zaidi ya asilimia 4 kwa siku moja, na kiashiria kinamwambia kwamba wanunuzi wamejaa sokoni! Pengo la usiku halimo kwenye hesabu yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaofundisha kwamba CMF ni "OBV iliyoboreshwa". Ni swali tofauti.

OBV ilitangazwa na Joseph Granville, mchambuzi wa soko wa Marekani, mwaka 1963, na nguzo ya fundisho lake ni kwamba voliumu hutangulia bei. Aliaminiwa mno. Mapema Januari 1981 aliwaambia wateja wake wauze kila kitu, na kesho yake fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 30 za Marekani, ikashuka kwa voliumu iliyovunja rekodi ya wakati ule huko New York. Kisha soko la Marekani likaanza kupanda kwa nguvu Agosti 1982, na yeye akaendelea kutabiri anguko. Nayataja haya kwa sababu "voliumu hutangulia bei" bado inarudiwa kama sheria. Huwa inatokea, na mara nyingine haitokei. Mstari wa OBV ukifika kilele kipya kabla ya bei, umepata swali zuri la kuchunguza. Bado hujapata ruhusa ya kununua.

Kuna mambo mawili ya kiufundi yanayopotosha watu wengi kuliko kosa lolote la kusoma chati. La kwanza ni la OBV: thamani yake inategemea siku hesabu ilipoanzia. Programu yako inaweza kuonyesha milioni 12 na ya mwenzako ikaonyesha hasi milioni 3, zote zikiwa sahihi. Angalia mteremko na vilele tu, namba yenyewe iache. La pili ni la CMF, na hili naomba ulifanyie kazi leo leo. Kwa kuwa inahesabu siku 21, kila siku mpya inapoingia, siku moja ya zamani inatoka. Kama siku inayotoka ilikuwa na voliumu kubwa na ilifunga chini kabisa, CMF itapanda ghafla hata kama leo hakuna lililotokea sokoni. Watu hushangilia "CMF imevuka sifuri" kumbe kilichobadilika ni kumbukumbu. Kabla hujaamini -0.12 yako, hesabu nyuma siku 21 uone kama kuna mshumaa mmoja mzito ulioivuta. Ukiuondoa huo na CMF ikarudi karibu na sifuri, basi huna wauzaji wa wiki nne. Una siku moja mbaya.

Mishumaa mizito hiyo nayo haifanani. Ipo voliumu ambayo haina maoni ya mtu yeyote ndani yake. Tesla iliingizwa kwenye fahirisi ya S&P 500 kuanzia Jumatatu tarehe 21 Desemba 2020. Ijumaa ya tarehe 18, mifuko inayofuata fahirisi hiyo, yaani inayoshika hisa zilizomo ndani yake, ililazimika kununua, ipende isipende, na hisa zaidi ya milioni 200 zikabadilisha mikono siku moja. Bei ilipanda karibu asilimia 6. OBV ikaongeza voliumu yote hiyo kwa mkupuo kama ushahidi wa wanunuzi. Jumatatu bei ikashuka zaidi ya asilimia 6. Walionunua Ijumaa hawakuwa wameipenda kampuni kuliko wiki moja kabla. Walikuwa wanatimiza masharti ya mfuko. (Ukiifungua chati ya siku ile leo utakuta idadi mara tatu zaidi, kwa sababu hisa ziligawanywa tena mwaka 2022, kila moja ikawa tatu, na data ya nyuma ikarekebishwa. Hakikisha chati unayotumia inarekebisha bei na voliumu pamoja, maana ikirekebisha kimoja tu, MFI yako ni takataka.) Vivyo hivyo Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, mikataba mingi ya options na futures (ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa) inapoisha kwa pamoja kwenye masoko ya Marekani, na siku za kupanga upya fahirisi. Na siku bei inaposhuka kwa sababu tu gawio limeondolewa kwenye bei, OBV isiyorekebishwa itaitoa voliumu yote kana kwamba watu wamekimbia.

Kama ningelazimika kubaki na chombo kimoja tu cha voliumu, nisingechagua chochote kati ya hivyo vitatu. Ningebaki na nguzo za voliumu zenyewe chini ya mishumaa, nikiuliza swali alilolisisitiza Richard Wyckoff, mchambuzi wa soko wa Marekani, karne iliyopita: juhudi ilikuwa kiasi gani, na imezaa nini? Siku yenye voliumu mara mbili ya wastani wa siku 20 na bei ikasogea sana upande mmoja, juhudi imezaa. Siku yenye voliumu mara mbili ya wastani na bei ikabaki palepale, kuna mtu amesimama pale na oda kubwa, anapokea kila kinachokuja. Hii ya pili ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na viashiria vingi huipoteza kwa sababu bei haikwenda popote. Ikitokea juu, baada ya kupanda kwa muda mrefu, wanunuzi wenye haraka wako tele na bado bei haipandi, maana muuzaji mmoja au wachache wenye mzigo wanawalisha. Ikitokea chini, kinyume chake. Hapo kuhesabu haraka peke yake kungekudanganya: miamala mingi ingeonyesha wanunuzi wanaogombania, kumbe mwenye nguvu ni yule aliyetulia na oda yake.

Ukilinganisha voliumu ndani ya siku, usiilinganishe saa ya kwanza na ya mchana. Masoko ya hisa huwa na shughuli nyingi wakati wa kufungua na wa kufunga, katikati yanalala. Linganisha saa ya kwanza ya leo na saa ya kwanza ya siku zilizopita.

Kuhusu forex, jibu ni hapana, angalau si hivihivi. Soko la papo hapo la sarafu halina sehemu moja ambapo miamala yote inarekodiwa. Kwa hesabu za BIS, benki inayohudumia benki kuu za dunia, Aprili 2022 lilizungusha kama dola trilioni 2.1 kwa siku, na broka wako anaona tone tu la fedha hizo. Ile "voliumu" iliyo kwenye MetaTrader, programu ya chati na biashara ya forex, ni idadi ya mara ambazo bei imebadilika kwa broka wako; muamala wa dola elfu moja na wa dola milioni mia vinaweza kuhesabika sawa. Namba hiyo inakuambia soko lina shughuli au limelala, na kwa kazi hiyo inafaa. Kuipa OBV au CMF halafu ukasema "benki zinakusanya" ni kupiga ramli. Ukitaka voliumu ya kweli ya sarafu, angalia mikataba ya futures ya sarafu inayouzwa CME, soko la mikataba lililoko Chicago, ambako kila mkataba unarekodiwa sehemu moja. Na kwa sarafu za kidijitali tahadhari mara mbili: mwaka 2019 kampuni ya Bitwise iliwasilisha kwa mamlaka ya mitaji ya Marekani uchambuzi uliosema karibu asilimia 95 ya voliumu ya bitcoin iliyokuwa ikitangazwa ilionekana kuwa ya uongo.

Turudi kwenye hisa yako. OBV kilele kipya, MFI 63, CMF -0.12: kwa hesabu tulizofanya, picha inayojitokeza ni hisa inayofunga juu ya jana mara nyingi, lakini ikifunga karibu na sehemu ya chini ya siku. Yaani faida yake huenda inapatikana usiku, na mchana inauzwa. Usikisie, pima. Chukua siku 21 za mwisho. Kwa kila siku andika namba mbili: bei ya kufungua kutoa bei ya kufunga ya jana yake, na bei ya kufunga kutoa bei ya kufungua. Jumlisha kila safu peke yake. Ukikuta usiku umeleta +7 na mchana umeondoa 3, umepata chanzo cha ugomvi wa viashiria vyako, na umekipata kwa kutoa na kujumlisha tu.

Halafu jiulize kwa nini. Kama hisa hiyo imesajiliwa pia kwenye soko la nchi nyingine linalofanya kazi wakati la kwako limefungwa, mapengo hayo ni ununuzi halisi uliofanyika kwingine, na CMF ya soko lako haiwezi kuuona. Hapo ningeipuuza bila hofu. Kama haijasajiliwa kwingine, dhana yangu ya kwanza ni kwamba mwenye mzigo mkubwa anautumia mfunguo wa juu wa kila asubuhi kupunguza hisa zake. Hilo halimaanishi bei itaanguka. Mzigo unaweza kwisha, na ukiisha bei hupanda kwa wepesi. Lakini mpaka uishe, unanunua kwa mtu anayetoka.

Kwa hiyo, kwa taarifa ulizonipa, nisingeongeza sasa. Ningeshika nilichonacho na kusubiri siku ambayo bei inavuka kilele chake kwa mshumaa mrefu, ikafunga kwenye theluthi ya juu ya siku, kwa voliumu iliyo juu ya wastani wa siku 20, na isiwe siku ya fahirisi wala ya kuisha kwa mikataba. Baada ya hapo bei huwa inarudi nyuma kidogo. Voliumu ya kurudi iwe ndogo kuliko ya kuvuka. Siku ya namna hiyo ikija, OBV na hesabu ya CMF ya siku hiyo zitasema jambo moja bila wewe kuzilazimisha.

Wakati unasubiri, chora VWAP inayoanzia siku bei ilipoanza mwendo huu wa miezi mitatu. Siipi uwezo wa kutabiri, lakini naiheshimu kwa sababu haikisii nani alikuwa na haraka: ni jumla ya bei mara hisa, kugawa kwa jumla ya hisa, yaani wastani wa bei waliyolipa wote walionunua tangu siku ile. Bei ikiwa juu ya mstari huo, mnunuzi wa wastani yuko kwenye faida na hana sababu ya kukimbia. Bei ikifunga chini yake kwa voliumu kubwa, mnunuzi wa wastani ameanza kupata hasara na wauzaji wa mchana hawajaisha. Hapo ndipo ningeweka kikomo cha hasara, chini kidogo ya mstari huo, na ningekipandisha kadiri nao unavyopanda.